Njia ya Kwenda Kwenye Kiti

...lakini anakwenda wapi sasa, upande ule hakuna nyumba, namwona dirishani, baba yangu, mzee mzima, viatu vya kusuka miguuni, anaishindilia theluji taratibu, anakanyaga, anarudia palepale, anasogea, kuelekea kile kiti cha chuma chekundu, kirefu kupita ghala, wasanii walikisimamisha kiangazi kimoja pale ilipokuwa nyumba ya kina Onozuka, jirani zetu wa juu, na yeye mwenyewe alikitukana mbele ya kijiji kizima, kiti cha zimwi hicho, mtatuletea mikosi, leo umebaki mgongo tu juu ya theluji, watalii hawaonekani mpaka mpunga upandwe, sasa njia anamkanyagia nani, jamani... "Umeshamwambia?" Mama Hatsue huyo, jirani wa chini, kaketi kwenye meza yetu yenye kijiko cha moto chini, kajifunika blanketi lake mpaka kifuani, anamenya chenza, sijamwambia, nimetoka Tokyo kuja kumchukua, chumba nimeshaandaa, mwaka jana kaanguka akipakua theluji paani, mwaka huu si nitaitiwa maiti, nitamwambia akirudi, leo hii hii, "Mama Hatsue, kule anafuata nini?" "Kiti." "Kiti nakiona!" anacheka mpaka anapaliwa, "Mwanangu, mji umekusahaulisha yote? Kila nyumba hukanyaga njia mpaka kwa jirani wa juu, mimi nakanyaga mpaka kwenu, baba yako anakanyaga mpaka kwa Onozuka," lakini Onozuka alishahama, "Kahama yeye, zamu haijahama," ...ndiyo, ndiyo, mama alikuwa akichungulia alfajiri, akiona njia imekanyagwa anasema haya, wa chini wameamka salama, ndipo anabandika chai, "Juzi mafua yalinilaza, njia sikuikanyaga," anasema, "nikasikia mlango unagongwa, baba yako huyo, anafoka, we bibi, umekufa au umezidi uvivu?" anacheka tena, mimi sicheki, namfikiria jirani yangu wa Tokyo, ukuta wetu mmoja, jina lake silijui, alikaa ndani maiti wiki nzima na zaidi, tukajua kwa harufu, na mimi ile harufu ilipoanza nilifunga dirisha nikaenda kazini... Mungu wangu, na chumba nilichomwandalia baba ndicho kinachopakana na ukuta ule, baba hajafika hata nusu, anakanyaga, anarudia, "Basi utamwambia?" Mama Hatsue ananisogezea kipande cha chenza, nakishika tu, naogopa, wala si kwa ajili ya baba, mimi, mimi nisipoamka kule, nani atakuja kunifokea mlangoni...