Kitambaa cha Maji ya Moto

Mtoto Recheli alipata homa baada ya chanjo, na bibi yake akamuunguza paja kwa kumkanda.

Asubuhi ile, katika chumba chao cha kupanga mjini, mtaa wa Kanyenye, Anselm alikuwa anavaa viatu vya kazi wakati mkewe, Eustadia, alipomwita.

"Baba Recheli, hebu mguse mtoto."

Mtoto alikuwa wa moto. Paja la kushoto, alipochomwa sindano ya wiki ya sita jana yake, lilikuwa limevimba. Ukimgusa analia.

"Jana walikwambia nini?"

"Nani aniambie? Nesi mmoja zahanati nzima, kina mama tumejaa mpaka nje. Kachoma, kaandika tarehe ya kurudi, kaita mwingine."

Mama yake Anselm, Apolinaria, aliyekuja kutoka kijijini Ziba kumsaidia mzazi, alicheka.

"Homa ya chanjo hiyo. Nyie wote mmeipata. Zamani Nesi Tunu alikuwa anakuja na baiskeli, sanduku la barafu nyuma. Akishachoma watoto haondoki. Analala kwangu, tunampikia ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Kukicha anapita nyumba kwa nyumba kuwashika watoto miguu. Wewe Anselm ulivimba kuliko huyu. Akakuwekea kitambaa cha maji, jioni ukawa unacheka."

Anselm alimkumbuka vizuri Nesi Tunu, tangu alipokuwa anakuja kuwachanja wadogo zake. Alikumbuka kengele ya ile baiskeli, watoto wakiikimbilia njiani, na maboksi matupu ya dawa aliyowaachia wakatengenezea magari. Nesi huyo alijua jina la kila mtoto na jina la mbuzi wao. Moyo wa Anselm ukatulia, akaenda zake kazini.

Kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya alizeti kwenye ghala la Fauzi. Lori lilikuwa halijajaa hata nusu simu ilipoita. Eustadia alikuwa analia, maneno yanasikika kwa shida.

"Bosi, mtoto wangu kaungua," Anselm alimwambia Fauzi.

"Pole," Fauzi alisema. "Lakini gari linaondoka saa nne. Ukitoka naita mtu mwingine, na huyo ndiye atabaki. Usije ukaninunia."

Anselm alitoka.

Apolinaria alikuwa amechemsha maji jikoni, akachovya kitambaa, akakikamua na kumkandamiza mtoto pajani, kama alivyomkanda Eustadia alipojifungua. Ngozi ya mtu mzima inastahimili. Ya mtoto ilitoka lengelenge hapo hapo.

Kwenye zahanati walimkuta nesi yule yule wa jana, peke yake, macho mekundu kwa uchovu. Alisafisha jeraha polepole, akalifunika.

"Homa na uvimbe ni kawaida. Vingepita vyenyewe. Nani kawaambia mkande?"

"Na nani alituambia tusikande?" Eustadia alimjibu.

Nesi hakukasirika. "Dada yangu, jana sikukaa chini tangu asubuhi. Mwanzo tulikuwa wawili hapa. Mwenzangu kahamishwa, hajaletwa mwingine."

Bwana mkubwa wa zahanati akatoka ofisini, chai mkononi. "Bibi, huu ushamba wa kijijini mnauleta mjini! Unataka kuua mtoto?"

Watu wote kwenye mabenchi waligeuka. Apolinaria alikaza kanga kichwani.

"Yalikuwa ya mtungini," alimwambia mwanawe kwa sauti ndogo. "Maji ya Nesi Tunu. Ya baridi. Nimesahau, baba."

Dawa ya homa ilikuwa imeisha, wakaambiwa wakanunue nje.

Homa iliondoka kesho yake, kama nesi alivyosema. Apolinaria akafunga mzigo wake, akapanda basi la kurudi Ziba. Hakuna aliyemfukuza. Na hakuna aliyemwambia abaki.

Wiki ya kumi ilipofika, Eustadia alimpeleka mtoto kwenye chanjo ya pili. Watu walimwambia asiende, alienda. Recheli alipochomwa, nesi akaita, "Mwingine!" Eustadia hakuinuka.

"Sitoki hapa mpaka useme akifika nyumbani atakuwaje. Sema kwa sauti, na hawa wasikie."

"Mama, foleni hiyo!" mama mmoja alilalamika.

"Nyamaza wewe, hata wako anaweza kupata homa," Eustadia alimjibu.

Nesi akasimama. "Anaweza kupata homa, na paja kuvimba. Mnyonyesheni, msimfunike sana. Pale pa sindano msikande, msipake kitu. Homa ikipita siku mbili, au akikataa kunyonya, au akishtuka-shtuka, mleteni hapo hapo." Alimaliza kusema, Recheli akiwa bado analia.

Maneno hayo tu. Kwa kuyakosa mara ya kwanza, Anselm alipoteza nafasi yake ghalani. Recheli ana kovu pajani. Na Krismasi, walipokwenda Ziba, Eustadia alimnyooshea mama mkwe wake mtoto, naye Apolinaria akaficha mikono chini ya kanga.

"Mshike wewe, mama yake," alisema.