Mwanamke Akikimbia Asubuhi

Mtaani kwetu mwanamke mzima akionekana anakimbia asubuhi, hakuna anayeuliza anakimbilia wapi. Wanauliza nani amekufa. Mwanamume akikimbia ni mwanamichezo, mtoto akikimbia ametumwa, lakini mwanamke akikimbia basi kuna maiti mahali. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo, na bado sikulikumbuka Jumamosi ile, kwa sababu mimi hasira ikishanipanda kichwani sikumbuki kitu.

Yote yalianzia kliniki. Nilimpeleka mwanangu Masalu kwenye chanjo, na nesi alipoona nahema ilhali nimekaa, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akapima mkono mmoja, akapima na wa pili. Akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia alianguka kwa kiharusi akianika dagaa, hajafikia hata umri wa kuitwa bibi, na hakuinuka tena.

Nesi akaandika kitu kwenye kadi. "Unafanya kazi gani, dada?"

"Fundi cherehani."

"Kwa hiyo unakaa kutwa. Sasa sikiliza. Kila siku utembee haraka au ukimbie, nusu saa, bila kusimamasimama. Na chumvi upunguze. Presha hii ikiendelea hivi tutakuanzishia dawa, na hata dawa zina mpaka wake. Una watoto wadogo. Usifanye mchezo."

Nusu saa. Nilitoka pale nikaona nimepewa kazi ndogo.

Kumbe nusu saa ya mama mwenye watoto wadogo haipo. Sisi tunakaa juu Mkuyuni, kwenye mawe ya mlimani juu ya ziwa, kule ambako bodaboda akifika chini anakwambia shuka, malizia mwenyewe. Naamka kabla ya adhana. Nachota maji, nakoroga uji, namwogesha Queen ambaye ana miaka minne na midomo ya miaka arobaini, namfunga Masalu mgongoni, nashuka kwenye kibanda changu karibu na soko, nakalia cherehani mpaka jioni. Nikirudi kuna dagaa wa kuchambua, ugali wa kusonga, nguo za kufua. Nilijaribu kuruka kamba sebuleni alfajiri. Queen akaamka, akadhani ni mchezo, akaning'inia mguuni, na Masalu akalia mpaka nyumba ya chini yetu wakauliza kuna nini. Nilijaribu kutembea nao jioni. Queen alifika kwenye jiwe la kwanza akaketi, akasema, "Mama, nibebe." Tembea haraka na watoto wawili mwilini halafu uje unieleze.

Nikamwendea Mama Maige, ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Ni mtu mzima, watoto wake wamekua wameondoka, kutwa yuko nyumbani anapepeta mchele wa kuuza.

"Shikamoo, Mama Maige."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa naomba unishikie watoto asubuhi. Nusu saa tu."

"Unaenda sokoni?"

"Hapana. Nataka kukimbia."

"Unamkimbia nani?" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ungesema sokoni, ningekushikia. Ungesema kwaya, ningekushikia. Sasa kukimbia tu, halafu unarudi palepale ulipotoka? Hee! Siku hizi hata uzembe una jina."

Nikaaga, kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Sasa njoo kwa mume wangu, Machibya. Machibya anauza spea za pikipiki, na yumo kwenye klabu ya jogingi. Kila Jumamosi alfajiri wanaume wazima wanavaa fulana za kijani, wanashika barabara ya Butimba wakiimba, malori yanawapigia honi, na wakimaliza wanakaa kwenye supu mpaka jua liwe kali. Suruali wanazokimbilia nilizikunja pindo mimi, kwa cherehani yangu, na Masalu mgongoni. Nilipomwambia habari ya nesi, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mazoezi gani tena, mke wangu? Si unapanda mlima na ndoo kila siku?"

"Mlima huo na wewe unaupanda. Mbona unakwenda kukimbia?"

"Mimi nakimbia kwa ajili ya afya."

Ndivyo alivyosema, jamani. Na hakuwa anatania.

Nilimsema wiki nzima. Wakati wa kula nilimsema, wakati wa kulala nilimsema, mpaka Ijumaa akainua mikono. "Basi, yaishe. Kesho mimi nabaki na watoto. Wewe kimbia, ukitaka ufike hata Butimba." Nilifurahi kama mtoto anayengoja Krismasi. Nikatoa raba zake za zamani chini ya kitanda, nikazijaza vipande vya vitambaa mbele ili zinitoshe.

Asubuhi nilipapasa kitanda, upande wake baridi. Fulana ya kijani haikuwepo msumarini. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe: "Samahani Mama Queen, leo tuna wageni, klabu kutoka Magu. Jumamosi ijayo bila kukosa."

Nililia. Sikulia kwa uchungu, nililia kwa hasira, ile inayokukaba hata maneno hayatoki. Nikamfunga Masalu mgongoni kwa kanga. Nikavaa zile raba. Nikamnyanyua Queen na gauni lake la kulalia, nikavuka uwanja, nikagonga kwa Mama Maige kama askari.

"Nishikie Queen."

"Kulikoni, mwanangu?"

"Machibya!" nikasema. Nilitaka kuendelea, ila kilio kilinizidi. Nikatikisa kichwa, nikateremka mawe mbio, machozi yanatiririka.

Nilikimbia. Masalu alinigonga mgongoni kwa kila hatua, raba zilikuwa zinapwaya, na kifua kiliwaka moto, lakini nilikimbia. Ziwa lilikuwa limetulia kule chini, na kina mama wa samaki walikuwa wanapanda na mabeseni. Mmoja akasimama kabisa akaniambia, "Pole, mama. Mungu atakutia nguvu." Nikamjibu asante, nikaona leo watu wana utu. Sikwenda mbali. Masalu alianza kulia, akalia mpaka akapaliwa, ikabidi nikae kwenye jiwe kando ya barabara nimnyonyeshe mpaka akatulia, na jua likawa limepanda. Hata nusu ya ile nusu saa sikuimaliza. Nikageuka kurudi, nikijisemea kwamba nesi anidunge sindano tu, yaishe.

Nilipofika chini ya mlima wetu niliona vijana wawili wanapandisha benchi la kanisani. Juu, usawa wa nyumba yangu, moshi. Na wanawake wamejifunga kanga mbili mbili, wanaingia kwangu.

Queen!

Sijui niliyapandaje yale mawe. Nilifika uwanjani sina pumzi, na kabla sijafungua mdomo wanawake walinivamia. Mama Nusrat, mke wa muuza viatu, alimfungua Masalu mgongoni. Mwingine akanivua raba. Mwingine akaniwekea kikombe cha chai mkononi.

"Queen yuko wapi?" nilipiga kelele.

"Yuko ndani, anakunywa uji," akasema Mama Maige, akinikalisha kwenye mkeka. "Watoto usiwawazie kabisa. Watoto wako mikononi mwetu. Wewe kaa, mwanangu. Pumzika."

Nikamwona Queen mlangoni, ana masharubu ya uji. Moyo ukatulia. Na kwa kitambo kidogo nilikaa pale kwenye mkeka, nimeshika chai ambayo sikuipika, mgongo wangu mwepesi, nikaona raha. Tangu nijifungue sikuwahi kuambiwa na mtu kaa, pumzika.

"Mama Maige," nikauliza, "nani amefariki?"

Wakatazamana. Mama Maige akanishika bega. "Jikaze, mwanangu. Ilikuwa wapi hiyo ajali? Ni yale malori ya Butimba?"

"Ajali ya nani?"

"Ya Machibya."

Kabla sijamjibu, nyimbo zilisikika zinapanda mlima. Wakatokea, fulana za kijani na za njano, wenyeji na wageni wa Magu, na mbele yao marehemu mwenyewe, kijiti cha meno mdomoni, mchuzi wa supu kifuani. Alipoona watu kwenye mabenchi aliwanyamazisha wenzake, akavua kofia. Akamwinamia mzee mmoja, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtu mstaarabu, "Poleni, mzee. Nani ametutoka?"

"Wewe," mzee akamwambia.

Wanawake wakapiga yowe, Mama Nusrat akakimbilia jikoni na mwanangu. Kwa muda ikawa vurugu, huyu anamgusa Machibya mkono, yule anamwita Yesu. Hatimaye mambo yakaeleweka, na yalipoeleweka yote yakanigeukia mimi.

"Mama Queen!" Machibya alininyooshea kofia yake. "Umenizushia kifo? Mbele ya wageni? Watu wameacha kazi zao, wamebeba mabenchi! Waombe radhi. Waombe radhi hapa hapa."

"Na alikuja analia," akaongeza Mama Maige. "Mtu mzima anakimbia, analia, anataja jina la mume wake. Mimi ningejuaje?"

Wote wakaningojea. Nikainuka mkekani. Sikuwa na haya hata chembe.

"Sikumzushia mtu kifo," nikasema. "Nilikwenda kukimbia. Na radhi siombi. Mama Maige, wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo tena. Juzijuzi nilikuomba unishikie watoto nusu saa, ukanicheka, ukaniita mzembe. Leo umesikia kuna maiti, umempa Queen uji bila kuombwa. Mama Nusrat kamchukua Masalu, sijamwomba. Chai nimepikiwa. Kumbe watu wa kunishikia watoto wapo! Walikuwa wanangoja mtu afe!"

"Mama Queen, punguza sauti," Machibya akasema.

"Sipunguzi! Wewe unakimbia kwa ajili ya afya, unarudi na kijiti mdomoni. Mimi nina presha. Mama yangu alianguka nayo, na alipoanguka walikuja hivi hivi. Walikuja na mikeka na masufuria, wakatushika sisi watoto wake, wakatuogesha, wakatulisha mpaka arobaini ikaisha. Walikuwa watu wema sana. Ila yeye alikuwa ameshakufa." Sauti ilinikatika, nikaiacha ikatike. "Nikianguka mtakuja, najua. Mtawashika hawa mpaka arobaini yangu. Basi mnikatie nusu saa kwenye hiyo arobaini, mnipe sasa, naitaka nikiwa hai."

Mgeni mmoja wa Magu aliangalia raba zake. Mama Maige alimvuta Queen akampakata, akaanza kumfuta uji mdomoni kwa pindo la kanga yake, anafuta hata pale palipokwisha kutakata.

Nikachukua zile raba, nikarudisha vitambaa mbele, nikavaa.

"Sasa unakwenda wapi?" Machibya akauliza. "Na wageni je? Chai yao nani atawapikia?"

"Mwulize aliyewaalika."

Mama Nusrat alikuwa ametoka jikoni na Masalu. Alinitazama mimi, akamtazama Machibya, kisha akaenda akamkabidhi mwanawe mbele ya klabu nzima. Masalu akashika ile fulana ya kijani kwa mikono miwili, akaanza kulia. Machibya akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Analia huyu!"

"Ni kawaida yake," nikasema.

Nikateremka. Mgongo ulikuwa mtupu, na mikono nayo ilikuwa mitupu, nikawa sijui hata niiweke wapi. Bado nilikuwa na hasira, tena nyingi, na niligundua kwamba hasira inakimbia vizuri kuliko mimi. Chini kabisa, penye barabara, nikakutana na baba mmoja wa mtaa wa pili anapanda taratibu, amejitwika benchi begani. Aliponiona nakuja mbio akasimama, akalitua chini, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Tumesikia kuna msiba huko kwenu juu. Ni kweli?"

"Bado," nikamwambia, nikaongeza mbio.