Lifti ya Ghorofa ya Nne

Fundi baiskeli na rafiki yake mwalimu walipanda milima mitatu kwa baiskeli, ndimi nje, kuchangisha pesa za lifti ya hospitali. Mkurugenzi wa hospitali aliwafuata kwa gari, vioo juu, akiwapungia mkono.

Lifti ikatengenezwa. Siku walipokwenda kumjulia hali shangazi yake fundi, aliyelazwa ghorofa ya nne, waliikuta imebandikwa karatasi: VIONGOZI TU. Mama mjamzito alikuwa akijikokota kwenye ngazi, mkono kiunoni.

Fundi akapandwa na hasira, akaibandua karatasi.

“Kaka, hiyo ni amri ya mkurugenzi!” mlinzi akamaka.

“Mwambie mlima wa huyu mama tulishampandia sisi,” fundi akasema, huku mwalimu akimwingiza mama kwenye lifti. “Wa kwake aupande mwenyewe. Ngazi zile pale.”