Nasike Halikodishi Tena

Kwa miaka sita Nasike alikuwa kibarua kwenye shamba lake mwenyewe.

Usiharakishe kumcheka. Mumewe, Wanyonyi, alipofariki alimwachia ekari moja na nusu ya udongo mweusi chini ya Kapsokwony, binti mmoja aitwaye Nekesa, na mwezi wa Januari. Ndiyo, mwezi. Januari shule hudai karo, ilhali mvua ya kupandia haiji hadi Machi, na mjane asiye na kitu mkononi atafanya nini? Alimkodishia shamba Kang'ethe, mkulima wa Kachibora mwenye trekta. Karo ikalipwa. Palizi ilipofika, Nasike akapanga foleni alfajiri na wanawake wengine, jembe begani, apimiwe mistari ya kupalilia. Mistari ya Kang'ethe, kwenye udongo wake yeye. Jioni akapokea ujira, akapita katikati ya mahindi yale yale kwenda dukani kununua unga. Januari ikarudi, akakodisha tena.

Na Kang'ethe hakuwa mtu mbaya. Alilipa kwa wakati, na uji wa vibarua wake ulikuwa mzito. Ndiyo maana Nasike hakuwahi kupata mtu wa kumkasirikia vizuri.

Kisha mwaka jana likaja shirika moja, likaita mkutano wa kuandikisha nyumba zote za kijiji, likasema litatuma pesa kwa simu. Hazirudishwi. Kila mtu atazitumia anavyotaka, na hakuna semina.

"Hakuna semina?" Mukhwana, shemeji yake Nasike, alishangaa mkutanoni. "Hata soda ya semina? Hizo pesa zina damu."

Baadhi ya watu walirudisha vitambulisho vyao mfukoni wakaenda nyumbani. Phelista, jirani yake Nasike, hakwenda popote.

"Mimi nimekula pesa za kampeni tangu nizaliwe na sijafa," alisema. "Hizi ndizo zitaniua? Niandike mara mbili."

Pesa ziliingia Desemba, simu ya Nasike ikiwa inachajiwa kwenye kinu cha kusaga. Aliusoma ujumbe, akaketi juu ya gunia la mtu, akausoma tena. Hakupiga kelele. Mwenye kinu alidhani amefiwa.

Shule zilipofunguliwa Nekesa alikwenda na karo nzima, si nusu na barua ya kuomba subira. Paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda likapata mabati matatu mapya. Zilizobaki Nasike hakuzigusa hadi Februari, alipokwenda Kitale na kuingia duka la pembejeo la mama mmoja aitwaye Nyaruai.

"Nipe mbegu ya mahindi pakiti nane, na mbolea ya kupandia."

Nyaruai alimtazama viatu, kisha uso. "Bosi amekutuma na pesa taslimu ama anatuma kwa simu?"

"Bosi ni mimi."

"Haya, bosi," Nyaruai akacheka, akamwongezea kalenda bure.

Wiki ya kwanza ya Machi, Nasike akiwa uani anaosha vyombo, alisikia ngurumo ambayo si ya mvua. Trekta ilikuwa ikipanda njia ya kwake. Kang'ethe alikuwa kwenye usukani, na Mukhwana amekaa juu ya bawa la gurudumu, kifua mbele, kama bibi harusi anayepelekwa kanisani. Nasike alikausha mikono kwenye leso, akaenda akasimama katikati ya njia.

"Mulamwa," alimwita shemeji yake, "karibuni. Mnaenda wapi?"

"Tunaanzia kule juu," Mukhwana alisema, akinyoosha kidole kwenye shamba.

"Kule juu ni kwa nani?"

"Nasike, usianze. Huyu mzee ametoka Kachibora na diseli yake. Nilimpa neno langu tangu Krismasi."

"Neno lako lina ekari ngapi?"

Kang'ethe alizima injini. Kimya kilichofuata kilimfanya Phelista, aliyekuwa anachuma mboga ng'ambo ya ua, ainuke ili asikie vizuri.

"Mama Nekesa," Kang'ethe akasema kwa upole, "kwani si tulielewana?"

"Mlielewana na yeye, mzee. Mimi hukuniuliza, na miaka yote ulikuwa ukiniuliza. Mwaka huu nalima mwenyewe. Mbegu iko ndani, mbolea iko ndani."

"Ati mwenyewe!" Mukhwana alipiga kofi goti lake. "Pesa za simu zimekupanda kichwani. Zikiisha je? Huyu akienda kukodi kwingine, Januari utamkimbilia nani? Mimi?"

Swali hilo Nasike alikuwa amejiuliza mara nyingi kuliko Mukhwana. Mvua ingeweza kukosa. Viwavi wangeweza kuja. Kang'ethe akipata shamba lingine hangerudi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa karo mkononi Januari. Lakini miguu yake haikusogea kando ya njia.

"Nikikwama, nitakwama na mahindi yangu," alisema.

Kang'ethe alivua kofia, akajipangusa uso. Halafu akaanza kucheka, kwanza polepole, kisha mabega yote.

"Kosa ni langu. Nilimuuliza mtu asiye na shamba. Sasa trekta nayo nirudi nayo hivi hivi, haijafanya kazi?"

Nasike aliitazama ile trekta. Alikuwa ameandikisha jina kwa mwenye ng'ombe wa kulima, na mbele yake kulikuwa na watu kumi na mmoja.

"Ekari unalima kwa bei gani?"

Kang'ethe akataja bei. Nasike akamwambia hiyo ni bei ya watu wa mjini. Walivutana, Phelista akitia neno kutoka kwenye mboga bila kuulizwa, hadi wakakutana katikati.

"Mukhwana, shuka bana," Kang'ethe alisema akiwasha injini. "Mwenye shamba anataka kazi."

Mukhwana akashuka. Nasike alivua viatu, akatembea nyuma ya jembe la trekta kutoka mpaka hadi mpaka, udongo ukigeuka mbele yake, mweusi, wenye baridi, unaonukia. Hakuwa na sababu ya kutembea pale. Alitembea tu.

Mvua ilikuja kwa wakati wake. Jumapili ya pili baada ya kupanda, Mukhwana aliita kikao nyumbani kwa mama yake na marehemu Wanyonyi, bibi yake Nekesa, Kukhu Nakhumicha. Nasike alifika na chupa ya chai na sahani ya mandazi, akahudumia watu wote, akaketi.

"Aliniteremsha kwenye trekta mbele ya mgeni," Mukhwana alilalamika. "Neno langu limekuwa takataka. Nataka faini ya kuku, na nataka aombe msamaha hapa, mama akisikia."

Kila mtu pale alijua kwamba kuku hakuwa shida. Nasike akiomba msamaha atakuwa amekubali kwamba wa kusema juu ya lile shamba ni Mukhwana, na mwaka ujao trekta itaingia shambani bila kumuuliza.

Kukhu Nakhumicha alimaliza mandazi yake kwanza.

"Nasike, yameota?"

"Yameota, kukhu. Mistari yote."

"Basi mjibu shemeji yako."

Nasike aliweka kikombe chini. Hakuinuka, wala hakupandisha sauti.

"Mulamwa, kuku utakula. Wewe ni ndugu ya Wanyonyi, na kwangu huwezi kukosa kuku. Njoo kesho, nitakuchinjia jogoo. Lakini sikukutukana, na sikuchukua chako. Msamaha siombi. Siombi leo, na hata mahindi yakikauka yote, sitaomba."