Saumu ya Mzee Masudi

Siku ya kwanza ya Ramadhani, Oktavia alikuwa nyuma ya rundo la mbao anamenya viazi vya futari, mtoto yuko mgongoni. Baridi ya Makambako ilikuwa inauma vidole. Mzee Masudi, mwenye kiwanja cha mbao, alikuwa ameshatangaza: mwezi huu sitaki kuona mtu anatafuna mchana hapa kwangu, awe Mwislamu, awe nani. Oktavia alikuwa Mkatoliki wa Lugarawa, ananyonyesha, na zaidi ya kumpikia mzee kazi nyingine hakuwa nayo.

Jua lilipopanda, njaa ya Mzee Masudi ikamtoka, ikavuka ua, ikaingia kwa Oktavia. Aliijua mara moja kwamba si yake. Yake ilitaka viazi. Hii ilitaka pilau ya mbuzi. Basi ikawa hivyo kila siku, inamrudia mwenyewe magharibi tu. Mzee akanenepa mashavu, akapata nguvu za kuwatukana wapasua mbao kutwa, wao na mama zao, kisha eti amefunga, asichokozwe.

Maziwa ya Oktavia yakaanza kukauka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Siku moja akasema liwalo na liwe, akala kiazi cha kuchemsha. Kiazi kikatua tumboni kwa Mzee Masudi, aliyekuwa anapatana bei na mteja. Akabeua, na wote pale wakasikia harufu ya kiazi. Alikuja jikoni mbio.

"Umenivunjia saumu yangu, mshenzi wewe."

Tangu hapo ufunguo wa jiko ukakaa mfukoni mwake mpaka alasiri.

Jioni moja alimwalika Maalim Nasoro kufuturu. Oktavia alipokuwa anatandika mkeka, tumbo lake likanguruma. Maalim akamtazama, kisha akamtazama mwenyeji wake, aliyetulia kama mtu aliyetoka kula. Hakushangaa. Alishawahi kuyaona hayo kwa wenye mali.

"Mzee, anayefunga hapa ni huyu mama," alisema. "Na anayenyonyesha, hata angekuwa Mwislamu, ana ruhusa ya kula. Njaa umewekewa wewe, ikulainishe moyo. Wewe umemtupia mwenzako."

Adhana ikalia. Mzee Masudi akachukua tende, akauliza thawabu basi zinakwenda kwa nani. Maalim akamjibu kwamba haziendi kwake.

"Kumbe zinamwendea huyu, nimemtendea wema," alisema Mzee Masudi, akamgeukia Oktavia. "Hata asante husemi?"

Oktavia alimchukia, bakuli la uji likiwa bado mikononi. Akalitua mkekani, akaenda kunyonyesha.

Sikukuu ya Idi wageni walijaa, wakimsifu mzee kwa jinsi mfungo ulivyomkubali. Jikoni kulikuwa wazi. Oktavia alikula akashiba, na kufikia mchana maziwa yakaanza kurudi. Mtoto akalala hana neno. Ndipo akamsikia Mzee Masudi sebuleni akiwaambia wageni kwamba kesho anaunganisha na saumu sita za Shawali, hiyo sunna haimpiti. Alikuwa anajipapasa mifuko ya kanzu, anatafuta ufunguo.

Oktavia akajipakulia sahani nyingine ya pilau, akaila haraka haraka, amesimama.