Mita Nne na Nusu

Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamefika mita nne na nusu. Mpima maji alijifuta mvua usoni, akainama tena ukingoni mwa daraja kuhakikisha. Miaka kumi na minane ameupima mto huu, na hakuna vuli ambayo mto uliwahi kupanda hivi. Chini yake ulipita mlango wa nyumba ya mtu ukielea, komeo lake bado limefungwa.

Maji yakifika mita nne, king'ora kilie. Ndiyo amri iliyobandikwa kibandani. Lakini ufunguo wa king'ora alikaa nao mkuu wa ofisi ya maji, mjini. Akampigia simu.

"Nne na nusu, mkuu. Watu wa bondeni wahame."

"Wahame waende wapi? Kesho tunazindua ukuta wa kuzuia mafuriko, wageni wameshafika. Andika tatu na nusu."

"Ukuta unavuja chini, mkuu. Nimeuona kwa macho yangu."

"Kumbe siku hizi wewe ni mhandisi?" Kisha sauti ikalainika. "Mama, bado ni kibarua, sivyo? Barua yako ya ajira iko hapa mezani. Usiniharibie siku."

Akaandika tatu na nusu, akatia sahihi.

Bondeni, jirani yake fundi cherehani alikuwa mlangoni akikamua matambara. Wajukuu wake wawili walichungulia nyuma ya gauni lake.

"Shoga, mwenye mto ni wewe. Tuhame?"

"Redio imesema hali ni shwari."

"Redio nimeisikia. Nakuuliza wewe."

"Kama una ndugu kule juu, nenda ukamsalimie leo."

Fundi akacheka. "Kwa mvua hii! Una utani, wewe."

Mpima maji hakucheka. Aliingia nyumbani kwake, akambeba mama yake mgongoni, akapanda naye hadi shule ya mlimani. Kila aliyemuuliza njiani alimjibu kwamba anampeleka hospitali.

Ukuta ulipasuka saa nane mchana.

Siku ya tatu mkuu alifika shuleni na askari. Darasa lililojaa walionusurika lilinuka nguo mbichi. Mkuu aliinua karatasi ya vipimo juu ili wote waione.

"Tatu na nusu! Ofisi ingejuaje? Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

Mkuu akatikisa kichwa kama mfiwa. Pembeni, mama yake mpima maji, ambaye mafuriko hayakumgusa, akauliza kwa sauti ya kiziwi, "Mwanangu, kumbe ulijua?"

Fundi cherehani akainuka sakafuni. Alikuwa amemshika mjukuu mmoja.

"Shoga," akasema taratibu, "ilikuwa ngapi?"

"Nne na nusu. Mkuu ndiye aliyeniambia niandike tatu na nusu."

Askari aliyekuwa akiandika maelezo alimtazama mkuu. Kisha akaifunika kalamu yake bila kuandika jibu hilo, akaitia mfukoni.