Baba Anavuta Vizuri

Kifua cha Baba kilikuwa kinalia kama paka. Ikifika usiku kinaanza, mpaka paka yetu inaamka, inaingia chini ya kitanda kutafuta mwenzake.

"Ni unga," Baba alikuwa anasema. Yeye ana posho mill hapa Kibomet, Kitale, kwa hivyo kwake kila kitu ni unga.

"Unga gani hiyo inakutafuta usiku?" Mama akamuuliza.

Lakini kifua si ndio ilikuwa inamsumbua Baba. Ile kitu ilikuwa inamsumbua ni Jumapili inakuja. Kanisa ilitaka kumfanya mzee wa kanisa, na siku hiyo asimame mbele atoe ushuhuda vile aliacha pombe. Alikuwa anafanyia mazoezi kwa sitting room, sisi ndio washirika. Akifika "Bwana alinitoa kwa..." kikohozi kinamshika. Mpaka leo hatujui alitolewa kwa nini.

Mama akamburuta kliniki, mimi nikabeba chupa ya maji. Daktari alikuwa msichana mdogo anaitwa Chepkorir. Makohozi walikuwa wameshapima, TB hakuna. Sasa akaanza maswali.

"Mzee, kifua inakubana saa ngapi?"

"Usiku. Na nikiwa posho mill."

"Na wapi pengine?"

Baba akaangalia Mama, akaangalia dari. "Bungoma." Kila Jumamosi huwa anaenda kwao Kanduyi kuona ng'ombe za Kuka, yaani babu yetu.

"Bungoma kuna nini?"

"Kuna ng'ombe."

"Si hata Kitale kuna ng'ombe?"

Daktari akamletea kibomba cha plastiki, kiko na namba na mshale kando. "Jaza hewa, halafu puliza mara moja, na nguvu yako yote."

Baba akaweka mdomoni, akavuta. Alivuta mpaka mashavu ikaingia ndani. Mshale haukusonga.

"Puliza, mzee! Usivute!"

"Pole, msichana wangu. Mdomo imezoea."

"Imezoea nini?" Mama akauliza.

Baba akakohoa. Hiyo ya saa hiyo nafikiri alikohoa tu makusudi.

Mwishowe akapuliza. Mshale ukapanda kidogo, ukachoka. Daktari akatoa inhela ya bluu, akaichomeka kwa chupa fulani ya plastiki. "Hii sasa ndio ya kuvuta. Pole pole, ndefu, halafu unashikilia."

Hapo Baba akabadilika. Aliinama mbele, mkono moja kwa goti, akashika chupa na vidole viwili, akafunga macho, akavuta. Hakuwa na haraka. Akashikilia, akaachilia, akapangusa midomo. Halafu, bila kufungua macho, akaninyoshea mimi ile chupa, kama zamu yangu imefika.

Daktari karibu apige makofi. "Wagonjwa wangu wote wanavuta kama wanaibiwa! Nani alikufundisha?"

"Mimi najua," Mama akasema. "Marehemu babangu alikuwa anavuta pombe ya busaa na lusekhe hivyo hivyo. Ule mrija mrefu, mnakaa mnazunguka chungu. Hata macho alikuwa anafunga. Baba Viola, kwani ng'ombe ya Kanduyi siku hizi inanyonywa na mrija?"

Baba akainamisha kichwa. "Ni kwa Sifuna."

Sifuna ni ndugu ya Mama, wa tumbo moja.

"Tunakaa jikoni," Baba akaongeza, "na kuni zake huwa mbichi."

"Moshi!" daktari akaruka. "Mimi si pasta, mzee. Mimi nilikuwa natafuta moshi."

Tukangoja kidogo, Baba akapuliza tena. Sasa mshale ukapanda mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

"Unaona? Njia za hewa zilikuwa zimefinyika, dawa ikafungua. Hii ni asma."

"Si asma ni ya watoto?"

"Hata mzee wa kanisa anaipata. Hii ya bluu ni ya wakati umebanwa. Ya brown ni asubuhi na jioni, hata ukijisikia mzima, halafu unasukutua mdomo. Posho mill uvae maski. Na moshi uache."

"Na busaa?" Mama akauliza.

"Mama, leo wacha tuanze na moshi."

Jioni Mama akamtuma Baba kwa mkubwa wa wazee wa kanisa, Mzee Wanyonyi, aseme yote mwenyewe. Alisema kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja. Wanyonyi akatikisa kichwa na huzuni mingi. Uzee ungoje, akasema, mpaka ndugu yetu akauke.

Baba hakuruka dawa yake ya brown. Paka sasa inalala.

Juzi Mama Edah, bibi ya Wanyonyi, alikuja kwetu na furaha. Kumbe hata mzee wake kifua ilikuwa inambana, wakaenda kwa Chepkorir yule yule.

"Wacha nikwambie, Mama Viola! Ile dawa ya kuvuta, daktari alisema mzee wangu ni kama alisomea!"

Mama akaweka kikombe chini pole pole. "Alifunga macho?"

"Alifunga! Umejuaje?"

Baba alikuwa kwa kiti chake. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, akacheka mpaka mwisho, na kifua haikulia.